Mwosha na Maji Yaliyosimama

Mtu wa kwanza kunishinda kwa maneno dukani kwangu alikuwa mwosha maiti. Aliingia asubuhi moja, akataka bafta ya sanda, nami nikampimia kama nilivyokuwa nikimpimia kila mtu: nikilegeza kidogo pale ninapoanzia na kukaza kidole pale ninapoishia. Akaniacha nimalize. Kisha akakishika kitambaa, akakipima upya kwa mkono wake mwenyewe, kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole, akasema:

"Nusu mkono umebaki kwako."

"Ami, bafta hii hunywea ikikunjwa."

"Basi usiikunje. Huyu ninayemnunulia hatarudi kukulalamikia, ndiyo maana nalalamika mimi."

Nikakata nusu mkono, nikaongeza na robo kwa aibu. Tangu siku hiyo kila kitu nakihesabu mara mbili, mara moja kwa ajili yangu na mara moja kwa ajili ya yule asiyeweza kurudi.

Mjini Tanga, miaka ile ya hamsini, watu walimwita Mwosha kana kwamba hakukuwa na mwingine, ingawa mimi nilihesabu watatu. Mbele yake tulisema ami. Alikotoka na watu wake sikuuliza, naye hakuwa mtu wa kutoa kitu ambacho hakijaombwa. Alipanga chumba cha uani Chumbageni. Duka langu lilikuwa Usagara, na mwendo wa kati yetu aliutembea na mwavuli mkononi, jua liwepo au lisiwepo. Mwavuli ule ulituchekesha sana. Mtu anashinda mikono yake imo ndani ya maji, lakini tone moja la mvua likimwangukia shingoni anaruka kama paka aliyemwagiwa uji.

Mikono yenyewe ilikuwa laini kuliko ya bibi harusi. Kucha alizikata kila Alhamisi, akazisugua kwa limau mpaka zikang'aa. Na watu waliiogopa. Kwenye shughuli, akitia mkono kwenye sinia la pilau, mara sinia linapata nafasi. Siku moja nilihesabu: tulikaa watu sita, tukabaki wawili, yeye na mimi, na mimi nilibaki kwa sababu nyama ilikuwa haijaisha. Akaniambia huku anatafuna, "Ona wanavyoshiba upesi nikiwapo. Mwenye shughuli angenilipa." Mkahawani alitembea na kikombe chake mfukoni, ili asimlazimishe muuza kahawa kudanganya kwamba vikombe vimekwisha.

Kuchinja kuku hakuweza. Alimpeleka kwa jirani, akageukia ukuta mpaka aambiwe tayari, na jioni alimla kuku huyohuyo mpaka mifupa. Harusini alicheka kuliko wote. Kwenye mchezo wa dama aliiba kete waziwazi, na ukimshika alikuuliza kama wewe ni malaika wa kuandika. Lakini msibani, ukimchokoza umtoe siri za kazi yake, ulikuwa unagonga ukuta.

"Ami, yule tajiri wa kule juu alikuwaje ulipomwosha?"

"Mwepesi."

Nilimwona kazini mara moja tu, nilipoombwa kushika shuka la kusitiri. Ndoo moja na nusu ya maji, hakuzidisha, na hakuna tone lililoanguka bure. Majani ya mkunazi aliyafikicha mwenyewe. Kilichonishangaza ni kwamba alikuwa anaongea. "Geuka kidogo, bwana Salimu. Hivyo. Maji ya vuguvugu haya, nimeyajaribu. Mkono, Salimu. Na huu wa pili." Kila alipogusa alitaja jina, kama mama anayemwogesha mtoto mwenye usingizi. Baadaye nikamwuliza kwa nini anamchosha marehemu kwa kumwita. Akanitazama kama nimeuliza kwa nini sanda haina mifuko.

"Maji yanaosha ngozi tu," akasema. "Yeye atajuaje kwamba anayeoshwa ni yeye?"

Akimaliza, hakukaa kula chakula cha msiba. Sheria ya kazi ile ni kwamba aliyeosha maiti naye aoge josho. Wenzake walioga kisimani, wakarudi wakala. Yeye alishika mwavuli wake akaenda kusini, kwa njia ya Tongoni, mwendo wa saa nzima na zaidi, mpaka kwenye hori moja dogo nyuma ya mikoko. Nilimwambia kisima kiko hatua ishirini. Akasema, "Kisima kina watu."

Hori lile mwanzoni sikuliona kuwa kitu. Lina mdomo mwembamba kama mlango wa uani, bahari huingia humo kwa kujibana, na ikishaingia haina la kufanya. Maji yakijaa, kabla hayajaanza kupwa, hukaa palepale, rangi ya chai kavu, bila kukunjamana. Yeye alijua saa ya hilo kwa kila siku ya mwezi. Alioga, akavaa, akakaa juu ya gogo, akanyamaza mpaka maji yaanze kuondoka. Ndipo naye aliondoka. Alirudi mjini mtu mwingine kabisa, mchokozi, mwenye njaa, tayari kuiba kete. Ninavyoelewa mimi, kila maiti aliyemwosha alimbeba mpaka pale akamtua.

Nasema hivi kwa sababu na mimi nilitua wangu pale. Mtoto wetu wa kwanza wa kiume alikufa kwa degedege kabla hajatimiza miaka miwili. Mwosha ndiye aliyemwosha, nami nilikuwa nje ya pazia, nikasikia anavyomwita jina, taratibu, mara nyingi kuliko ninavyoweza kuvumilia kukumbuka. Tulipotoka kuzika akanishika mkono, akaniambia, "Twende." Sikuuliza wapi. Pale horini akanikalisha kwenye gogo. Hakuniambia nisubiri, hakuniambia Mungu kapenda, hakuniambia chochote. Mimi sijui kukaa bure, nikaanza kuhesabu kaa kwenye tope la ng'ambo. Nikapata arobaini na mmoja. Nikahesabu tena, nikapata thelathini na wanane. Nikawa nawatafuta watatu waliopotea, na mara nikagundua kwamba nimepumua. Tangu alfajiri nilikuwa sijapumua mpaka chini. Sikutoka pale na furaha. Nilitoka mtu anayeweza kufungua mlango wa nyumba yake na kumtazama mkewe. Baada ya hapo nikawa naenda kila nilipoelemewa, na sikuwahi kurudi kama nilivyokwenda. Sasa nieleze jinsi mahali hapo palivyokufa, kwake na kwangu.

Ilikuwa masika. Mtu mmoja alijikinga mvua barazani kwangu, kaptura na shati vimelowa, meno yanagongana. Aliacha kazi ya mkonge kwa sababu ya homa, akasema anangoja treni ya kesho arudi kwao milimani. Dukani nilikuwa na kanzu iliyowahi kuvaliwa, mtu aliniachia nimwuzie, pamoja na kofia. Nikamwambia, "Vua hizo mbichi, bwana, utakufa." Akaichukua kanzu. Kofia akanirudishia.

"Mimi si mtu wa kofia," akasema.

Nilimwelewa. Asitokee mtu akasema sikumwelewa. Lakini nilikuwa nimekwisha kutaja bei ya vyote viwili kwa pamoja, na mdomo wangu ukianza kuuza hauna breki. "Kofia si dini, bwana wee, kofia ni kichwa kisipigwe baridi." Akacheka kidogo, akaivaa, akalipa. Mvua ilipopungua akaondoka.

Asubuhi alikutwa amekufa kwenye baraza ya ghala moja lililofungwa, hatua arobaini kutoka mlangoni kwangu. Watu walijaa. Askari alikuja, akatazama, akaandika homa. Mzee wa mtaa akauliza nani anamjua, na jirani yangu akanisukuma mbele.

"Nilimwuzia kanzu jana," nikasema.

"Mtu wetu huyu?"

Nilikuwa na nafasi ya kupumua mara moja. Niliona kituo cha polisi, niliona maelezo, niliona duka limefungwa kutwa na watu wanauliza ilikuwaje nikamvalisha mtu kofia asiyoitaka. Nikasema:

"Alivaa kofia."

Maneno mawili, na yote mawili ya kweli. Nimeuza vitu vingi vibovu maishani, lakini kibovu kuliko hicho sijauza.

Mwosha akaitwa. Jambo la kwanza aliuliza jina. Hakuna aliyelijua. Akasimama na ndoo yake mkononi, akasema, "Sijapata kuosha asiye na jina." Wakamwambia adhuhuri inakaribia, watu wanangoja, kila mja wa Mungu ni Abdallah. Akaingia. Nilikuwa nje, nikamsikia akimwita Abdallah, Abdallah, lakini sauti ilikuwa ya mtu anayebisha hodi kwenye nyumba ambayo hana hakika nayo. Kiunoni mwa marehemu alikuta kifurushi kidogo cha kitambaa, kimeshonwa na kufungwa kwa uzi. Mtu yeyote wa pwani angejua kilicho ndani. Hirizi. Na hirizi ya maiti haifunguliwi, inatolewa, inahifadhiwa, akitokea ndugu anakabidhiwa. Kwa hiyo kanzu, kofia, tohara na hirizi, mashahidi wanne kwa mpigo. Akazikwa baada ya sala, na talakini ya kumfundisha maiti majibu ya kaburini ikasomwa kwa Abdallah mwana wa Hawa, kwa kuwa mama yake hakujulikana.

Alasiri ile Mwosha hakwenda horini. Alikuja dukani, akanyoosha kiganja. Kile kifurushi kililowa wakati wa kuosha, naye alikianika juani, uzi ukaachia. Ndani mlikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nane. Yeye alisoma maandishi ya Kiarabu tu.

"Hebu nisomee. Haya ya kizungu mimi siyajui."

Nikasoma. Nikasoma mara ya pili kwa kimya, kwa kutumaini yatabadilika. Ilikuwa cheti cha ubatizo, cha kanisa moja la Kilutheri upande wa Lushoto. Jina Elieza.

"Ami," nikasema, "tia moto."

"Halafu?"

"Halafu hakuna anayejua."

"Mimi najua. Wewe unajua. Na huyu aliyelala kule anajua. Unahesabu kila kitu, hebu hesabu hao." Akavuta kigoda. "Chukua kalamu."

Tukaandika barua kwa kanisa lile. Yeye alisema, mimi nikaandika. Alitaka niandike kwamba maji yalikuwa ya vuguvugu. Alitaka niandike jina la mtu, halafu niliandike tena chini, lisije likafutika kwa mvua njiani. Hakutaja neno la kosa la mtu yeyote ila lake. "Andika: nilimwosha bila kumjua." Niliandika. Mkono wangu ulikuwa na jambo jingine la kuandika, sikuuruhusu.

Mjane alifika wiki ya tatu. Mama mwembamba, viatu mkononi, amevaa gauni la kanisani na khanga mbili, kitabu cha nyimbo kimefungwa kwenye leso. Alikuwa peke yake. Aliuliza watu mpaka akafika kwangu, nikampeleka Chumbageni.

"Shikamoo baba," akamwambia Mwosha.

"Marahaba mwanangu." Na mara, kabla hajamkaribisha hata kukaa: "Mimi ndiye."

Mama yule alitaka kitu kimoja: kumchukua mumewe akamzike shambani kwake, penye migomba, walipolala watoto wao wawili. Tukaenda kwa wazee. Wazee hawakuwa watu wabaya. Walimpa kiti, walimpa chai, wakamwambia aliyekwisha kuzikwa hafukuliwi. Kisha wakamgeukia Mwosha, na hapo chai ikaisha. "Nani alikutuma ukamwite?" mmoja akasema. "Maiti amelala, wewe unatuamshia. Umetuvua nguo mbele ya mji."

Mama akaomba basi aone kaburi, amwimbie mumewe wimbo mmoja. Tulipofika, Mwosha akamwambia kwa adabu sana, "Mwanangu, kwa sauti ndogo. Wasije wakatufukuza." Akaimba kwa sauti ndogo, ndogo kiasi kwamba mimi niliyekuwa hatua tatu nyuma sikupata maneno. Nilimwona Mwosha akimtazama. Nadhani alitamani kulirudisha lile neno. Lakini wimbo ulikwisha, naye hakulirudisha.

Kutoka pale, kwa kuwa hakujua pengine pa kumpeleka mtu mwenye huzuni, akampeleka horini. Mimi nikafuata. Maji yalikuwa yamejaa, yamesimama. Mama akakaa kwenye gogo, tukakaa chini kwenye mizizi. Nilijiambia sasa ngoja, maji yatafanya kazi yake, yamezoea. Mama akauliza:

"Maji yalikuwa ya moto au ya baridi?"

"Ya vuguvugu."

"Alikuwa hapendi baridi." Akaendelea: "Kichwa chake kilishikwa?"

"Nilikishika mwenyewe, kwa mkono huu."

"Na ulipokuwa unamwosha ulikuwa unamwitaje?"

Mwosha akaitazama mikono yake. "Abdallah," akasema.

Mama akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeonyeshwa nguo akagundua kwamba si ya kwake.

"Baba, Elieza alikuwa na usingizi mzito. Mimi mkewe nilimwita mara tatu, mara nne, ndipo akageuka. Kwa jina lake. Sasa huyo mwingine siku ya kuamshwa ataitwa Abdallah, na Elieza atabaki amelala."

Hakusema kwa ukali. Afadhali angesema kwa ukali. Mwosha aliinama mpaka paji la uso likagusa magoti.

"Nisamehe, mwanangu."

"Mimi nimekusamehe. Nina watoto wanne wananingoja nyumbani, sina nafasi ya kukaa na hasira. Lakini wa kuulizwa si mimi. Aliyeitwa si mimi. Muulize yeye."

Akainuka, akajipangusa gauni. Kesho yake nikampeleka kwenye treni, akaondoka, hatukumwona tena.

Mwosha alimwuliza yule mtu. Hakuna siku hakumwuliza. Alikwenda horini sasa hata kama hajaosha mtu, akakaa kwenye gogo, akaita, "Elieza." Akangoja. Na hapa ndipo shida ilipo, kwa sababu hori halikubadilika hata kidogo. Maji yaliingia kwa kujibana, yakasimama, rangi ya chai kavu, bila kukunjamana. Kimya kilekile kilichokuwa kikimtua mizigo sasa kilikuwa kimya cha mtu anayeulizwa asijibu. Nami nilikwenda mara mbili. Nilihesabu kaa, na hesabu zote mbili zikalingana, sikupata wa kumtafuta. Sikwenda tena.

Kazi ikaanza kumshinda. Nyumba yenye msiba aliiuliza jina la marehemu mara tatu, tena kwa watu watatu tofauti. Alitaka jina la mama. Alitaka mtu aliyemjua asimame karibu. Saa zikaenda, watu wakanung'unika, wakaanza kuwaita wale waosha wengine wawili. Mitaani vijana walimpa jina la Mwosha wa Walutheri. Alipoacha kuiba kete kwenye dama nilijua amekwisha. Baadaye akahama Chumbageni, akaenda kukaa kwa mpwa wake Tongoni, na mimi nikapata sababu za kutokwenda. Nilihesabu sababu kumi na mbili. Zote zilikuwa nzuri.

Nilikuwa Pemba, nimepeleka khanga wakati wa karafuu, alipokufa. Habari ilinikuta siku ya tatu, na chombo cha kurudi kilichelewa siku mbili. Nilipofika Tongoni nikawatafuta waliomwosha. Vijana wawili, wazuri tu, walifanya kwa heshima. Nikawauliza kama walimwita jina. Wakatazamana.

"Jina gani? Si Mwosha?"

Nikawaambia ahsante. Hawakuwa na kosa. Mwenye kosa ni yule aliyekuwa Pemba na jina la mtu mdomoni. Nalo nilikuwa nimelipata miezi minne tu kabla, siku nilipokwisha kuishiwa na sababu, nikanunua halua, nikapanda lori la mkonge nikashuka njiani.

Nilimkuta palepale kwenye gogo, mchana, mwavuli umefunguliwa. Macho yalikuwa yameingia ukungu. Alinijua kwa kikohozi.

"Muuza bafta."

"Shikamoo ami."

"Marahaba. Umeleta halua, naisikia. Umepunjwa, haina iliki."

Tukala. Maji yalikuwa yanakaribia kusimama. Nilikuwa nimejipanga njiani namna ya kuanza, kama ninavyojipanga kumwingia mteja mgumu, lakini pale maneno yote yakakataa foleni, likatoka moja tu.

"Ami, aliniambia."

"Nani?"

"Elieza. Nilipomwuzia kofia aliniambia yeye si mtu wa kofia. Nilimwelewa. Asubuhi waliponiuliza nikasema alivaa kofia. Kosa si lako, ami. Lilikuwa langu, nikakuachia ulibebe miaka yote hii."

Nilidhani nimemtua mzigo. Wallahi nilidhani hivyo, nikangoja anitukane, maana angenitukana ningepona. Alilamba vidole, kimoja kimoja.

"Ile kofia haikuwa na jasho lake," akasema.

"Vipi?"

"Mtu wa kofia, kofia yake ina mstari wa jasho hapa, pembeni. Ile ilikuwa nao, lakini wa kichwa kikubwa kuliko chake. Niliiona nilipomvua. Na magoti yake hayakuwa na sugu ya kusujudu, wala paji la uso. Nimeosha watu miaka thelathini, mwanangu. Niliona."

"Mbona hukusema?"

"Nje kulikuwa na watu wanangoja. Jua lilikuwa linapanda. Nikajiambia, si hirizi hii hapa?" Akafunga mwavuli, akauweka chini. "Kwa hiyo usije hapa kunipunguzia. Niliona nikanyamaza. Wewe ulisikia ukanyamaza. Na yeye sasa tunamwita wote, naye ananyamaza. Mgawanyo umekaa sawa."

Maji yalisimama. Hapakuwa na ndege, hapakuwa na upepo, na kama pangekuwapo mtu wa kupita angesema watu wale wawili wamepata mahali pa raha.

Kisha akauliza, "Nani ataniosha mimi?"

"Watu wapo, ami."

"Wapo. Wataniosha kama ndoo." Akapapasa pembeni ya gogo, akatoa kata yake ya kifuu. "Shika. Utaniosha wewe."

"Sijawahi kuosha mtu."

"Ndiyo maana. Hujazoea." Akakunja mikono ya kanzu, akanyoosha mkono wa kulia juu ya maji, ule mkono laini, kucha zikiwa bado zimekatwa vizuri. "Anza na huu. Usirushe. Yateremke yenyewe kutoka hapa."

Nikachota. Nikainua kata, nikaiinamisha, na kabla tone halijatoka akaurudisha mkono wake.

"Umeanza bila kuuliza."

Nikabaki na kata imejaa. Nilikuwa nimemjua miaka saba. Nilikuwa nimekula naye sinia moja, alikuwa amemwosha mwanangu, nilikuwa nimemwita ami mara zisizo na idadi. Nikaona aibu ikinipanda kutoka miguuni.

"Unaitwa nani, ami?"

Akaniambia. Lilikuwa jina la kawaida kabisa, la watu wanne ninaowauzia. Akaniambia na la mama yake. Akanifanya nilirudie, nikalirudia, akasema nimelisema kama ninayemwita mtu wa ng'ambo ya barabara, nilisogeze. Nikalisogeza. Nikalisema karibu na sikio lake, taratibu.

Akaitika, "Naam." Akanyoosha tena mkono.

"Haya. Sasa mwaga."